Jinzi nzito yenye neno Kevlar, au nyepesi yenye AA?

SWALI: Nimeendesha pikipiki miaka minne sasa, kwenda kazini na kurudi, kama kilomita 20 kila upande, na mwisho wa wiki hutoka kidogo kwenye barabara kuu. Juu nimejikamilisha: kofia, jaketi, glavu. Chini bado navaa jinzi ya kawaida. Nataka kununua ya pikipiki na nimekwama kati ya mbili. Ya kwanza ni nzito, imetariziwa neno "Kevlar" (zile nyuzi imara) pajani, na muuzaji anasema pedi zake zina alama ya CE. Ya pili ni nyepesi, kwa macho huwezi kuitofautisha na hii niliyovaa, ila ndani ina lebo yenye herufi AA. Akili inaniambia nzito ndiyo imara. Nichukue ipi? Na je, siwezi kununua kitambaa cha Kevlar tu, fundi akanishonea ndani ya jinzi nilizonazo?

JIBU: Kwa jinsi ulivyozieleza, chukua ya pili, kwa sharti moja linalohusu magoti ambalo nitalifikia. Ya kwanza inaweza kuwa suruali bora kuliko zote dukani, na inaweza kuwa jinzi ya kawaida iliyopambwa. Shida ni kwamba katika yote uliyoniambia kuihusu, hakuna hata moja linalotuonyesha ni ipi kati ya hizo.

Tuanze na maneno ya muuzaji. "Pedi zina alama ya CE." Huenda anasema kweli tupu; CE ni alama ya kuwa bidhaa imetimiza masharti ya Umoja wa Ulaya. Pedi, ile mito ya kinga ya magoti na nyonga, ni bidhaa inayojitegemea, ina kiwango chake cha Ulaya, EN 1621-1, na inabeba alama yake popote utakapoitia, hata ukiitia kwenye nguo ya kulalia. Suruali inayoibeba ni bidhaa nyingine. Hiyo hupimwa kwa kiwango kingine, EN 17092, kilichotoka mwaka 2020. Na tangu Aprili 2018, kanuni ya Umoja wa Ulaya ya vifaa vya kujikinga, 2016/425, inamtaka mtengenezaji anayedai kwamba nguo yake inamkinga mwendesha pikipiki aipeleke nguo yenyewe kwenye chombo huru ikakaguliwe. Kwa hiyo mtu akikutajia alama ya pedi peke yake, muulize: na suruali je? Akianza kurudia habari za pedi, umeshajibiwa.

Unachotafuta ni lebo iliyoshonwa ndani, kiunoni au kwenye mshono wa pembeni. Karatasi inayoning'inia kwa uzi isikupotezee muda. Lebo yenyewe ina kipicha cha mtu juu ya pikipiki, alama ya CE, namba ya kiwango na herufi ya daraja. Madaraja ni matano. AAA ndilo la juu, kisha AA, kisha A. Daraja la B lina uimara wa A kwenye msuguano lakini halidai pedi. C ni la vazi la kubebea pedi tu, lile linalovaliwa chini au juu ya nguo nyingine, na halikuahidii chochote kuhusu kuburuzika. Nimeshaona watu wakidhani C maana yake ni "wastani". Sivyo.

Herufi hizo zinapatikanaje? Vipande vya kitambaa hufungwa kwenye mikono ya mashine, mashine ikazunguka hadi kasi iliyopangwa, kisha vikaachiwa viangukie kwenye zege na kuburuzika hadi visimame. Kipande kikitoka na tundu kubwa kupita linaloruhusiwa, kimeanguka mtihani. Suruali imegawanywa katika kanda tatu. Sehemu za hatari zaidi, kama magoti na nyonga, AAA huanzia kasi inayolingana na kilomita 120 kwa saa, AA 70, na A 45. Kwenye kanda ya pili kasi hizo hushuka hadi 75, 45 na 25. Kanda ya tatu, zile sehemu zisizotarajiwa kugusa lami sana, AAA hubaki na 45, AA 25, na A haipimwi msuguano kabisa.

Tafadhali usizisome namba hizo kama kibao cha mwendo barabarani. Wewe huanguki ukiwa kipande cha kitambaa kilichofungwa kwenye mkono wa mashine. Unaanguka ukiwa na kokoto chini yako, na uzito wako wote umekalia paja moja. Kwa upande mwingine, mara nyingi breki huwa zimeshapunguza mwendo kabla hujafika chini. Zitumie kulinganisha suruali na suruali. Hapo zina thamani kubwa, kwa sababu suruali mbili ulizoshika mikononi haziwezi kulinganishwa kwa kuzikunjakunja.

Fanya hesabu ndogo. Mtu aliyevaa nguo, akiteleza juu ya lami kavu kuanzia kilomita 60 kwa saa, kwa makadirio atasimama baada ya sekunde mbili na nusu hivi na mita zipatazo 20. Akianzia 80, ni zaidi ya sekunde tatu na karibu mita 40. Mwendo haujaongezeka hata kwa nusu, lakini umbali wa kuburuzika umekaribia mara mbili. Jinzi ya pamba ya kawaida, kwenye mashine ya maabara ambayo mkanda wake wa msasa hukimbia mita 8 kwa sekunde, hutoboka kabla sekunde moja haijaisha. Kinachobaki kuburuzwa kwa muda wote uliosalia ni ngozi. Ndiyo maana naona umechelewa, lakini umefanya vizuri kuuliza.

Sasa uzito. Zamani akili yako ingekuwa sahihi: kitambaa kizito kilikuwa kigumu zaidi kwa sababu kilikuwa na pamba nyingi zaidi. Kilichobadilisha mambo ni uzi. Kevlar ni jina la biashara lililoanzishwa na kampuni ya DuPont kwa nyuzi zake za aramidi. Mkemia Stephanie Kwolek ndiye aliyezigundua mwaka 1965. Jina limezoeleka hadi wauzaji wengine hulitumia kwa kitambaa chochote cha manjano, kama tunavyoita kila sabuni ya unga kwa jina la ile ya kwanza tuliyoijua. Aramidi yenyewe ni nyuzi nzuri sana: haiyeyuki kwa joto la msuguano, inavumilia. Lakini neno lililotariziwa pajani halikuambii nyuzi hizo ni asilimia ngapi ya kitambaa, wala zimewekwa wapi.

Hilo la pili unaweza kulichunguza mwenyewe dukani, na muuzaji asiyetaka ulichunguze ana sababu zake. Igeuze suruali ndani nje. Kama ni ya bitana, utaiona bitana hiyo, mara nyingi ya manjano, iliyofumwa kama sweta jepesi. Ifuate kwa kidole. Inaanzia wapi, inaishia wapi? Suruali nyingi za bei ya chini huweka kipande gotini na kipande makalioni, basi. Mtu akianguka upande, na wengi huangukia upande, kinachofika chini kwanza ni mfupa wa nyonga na ubavu wa paja, mahali ambapo kipande cha goti hakijafika na cha makalio kimekwisha. Zaidi ya hapo suruali hujipinda mwilini unapoburuzika. Kiraka kilichokuwa mbele ya goti kinaweza kuwa pembeni kabla hujasimama. Bitana inayozunguka kuanzia kiunoni hadi chini ya goti ni habari nyingine kabisa. Ukiiona hiyo kwenye suruali yako nzito, pamoja na lebo ya AA au AAA, futa jibu langu la kwanza uichukue.

Hiyo nyepesi uliyoiona huenda ni ile inayoitwa ya tabaka moja. Humo nyuzi imara zimesokotwa au kufumwa pamoja na pamba, kitambaa cha nje ndicho kinga yenyewe. Nyuzi zinazotumika sana ni za polietilini ya molekuli ndefu, na Dyneema ndilo jina linalojulikana zaidi. Kwa uzito sawa na chuma cha pua, nyuzi hizi zina nguvu mara nyingi zaidi, na zinateleza badala ya kung'ang'ania lami. Udhaifu wake ni joto: huyeyuka kwenye nyuzijoto 150 hivi. Watengenezaji huzichanganya na pamba ili pamba isaidie kulizuia joto hilo, na lebo ya daraja ndiyo itakayokuambia kama mchanganyiko umefaulu. Wewe jambo la kukumbuka kila siku ni ekzosi. Ukiegemeza mguu wa suruali ya aina hii kwenye bomba la moto, unaweza kuukuta umeshika na kuganda, na mahali hapo hapana kinga tena.

Kuna jambo moja ambalo watu hulisahau kwa kuangalia kitambaa tu: mishono. Suruali nyingi zinazofeli hufunguka kwenye mshono kabla ya kitambaa kutoboka, na mshono ukishaachia, aramidi yote ya duniani itakuwa inapepea pembeni huku paja lako liko wazi. Angalia mshono wa nje, ule unaoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni, na ule wa katikati ya makalio. Unataka kingo zilizokunjwa zikaingiliana, na mistari miwili au mitatu ya nyuzi, angalau mmoja ukiwa umefichwa ndani usikoweza kuguswa na lami. Mstari mmoja unaoonekana kwa nje utasagika mara moja. Vuta pande mbili za mshono kwa vidole gumba. Ukiona mwanga kati ya nyuzi, rudisha.

Na ripiti, vile vichwa vidogo vya chuma vinavyopigiliwa kwenye jinzi. Jinzi ya pikipiki haipaswi kuwa na ripiti za chuma kwenye mifuko ya nyuma, wala kitufe cha chuma kinachobonyeza mfupa wa nyonga. Hata hivyo nimeona mtu aliyevaa suruali nzuri kabisa akiwa na funguo na simu kwenye mfuko wa pembeni. Suruali ilipita mtihani. Funguo zilibaki zimechora umbo lake pajani kwa wiki kadhaa.

Sasa lile sharti la magoti. Pedi hupimwa kwa kuangushiwa chuma cha kilo 5 kutoka kama mita moja, yaani jouli 50, halafu hupimwa nguvu iliyopenya upande wa pili. Kiwango cha 1 kinaruhusu wastani usiozidi kilonyutoni 35 (kipimo cha nguvu; ndogo ndiyo bora). Kiwango cha 2, usiozidi 20. Tofauti hiyo si ndogo, na siku hizi pedi za kiwango cha 2 zimekuwa laini na nyembamba kiasi kwamba sioni sababu ya kukubali za 1, ila kama za 2 hazitoshei mfukoni. Kwenye pedi utaona pia herufi: K kwa goti, H kwa nyonga, na A au B kwa ukubwa, B ikiwa ndiyo inayofunika eneo kubwa zaidi. Za nyonga hasa uziulize, maana suruali nyingi huuzwa zikiwa na mifuko ya pedi za nyonga lakini mifuko hiyo ni mitupu.

Lakini pedi ya kiwango cha 2 iliyopanda juu kupita goti ni kiwango cha sifuri. Hapa ndipo naona watu wengi wakikosea, kwa sababu wanajaribu suruali wakiwa wamesimama mbele ya kioo. Ukisimama pedi iko goti sawasawa, unaridhika. Ukikaa juu ya pikipiki goti linakunjika, kitambaa kinavutwa kuelekea nyonga, pedi inapanda na mguu wa suruali unapanda nayo. Basi uwe na pikipiki dukani au utumie kiti, kaa kama unavyokaa barabarani, miguu kwenye mahali pake, mikono kama imeshika usukani. Shika goti. Katikati ya pedi iwe kwenye kifuniko cha goti, na sehemu ya chini ishuke kidogo kwenye muundi. Kisha ishike pedi kupitia kitambaa, ujaribu kuisukuma pembeni. Ikizunguka hadi ubavuni mwa goti kwa mkono wako tu, barabara itaizungusha kirahisi zaidi. Suruali zilizofikiriwa vizuri zina mfuko wa pedi unaopandishwa na kushushwa kwa velcro, ule utepe wa kunata, ngazi mbili au tatu. Ukipata hiyo, sharti limetimia.

Kwa sababu hiyo hiyo nunua mguu mrefu kuliko uliouzoea, inchi mbili au zaidi. Itaonekana imekunjamana ukiwa umesimama. Iache ikunjamane.

Kuhusu kubana: iwe karibu na mwili, ndiyo, maana suruali pana huzungusha pedi. Lakini ile inayobana kama soksi kwa sababu imejazwa nyuzi za kuvutika, iogope kidogo. Kitambaa ambacho tayari kimevutwa hadi mwisho kwenye goti lililokunjwa hakina akiba ya kuvutika tena kabla ya kuchanika.

Kwa nini basi sikuambii ununue AAA, ukamaliza? Kwa mwisho wa wiki wako wa barabara kuu, AAA ina hoja, na kama utaipata ya tabaka moja isiyokuchemsha, inunue bila kuniuliza tena. Ninachokijua ni kabati langu. Humo mna AAA ya bitana nzima niliyoinunua kwa fahari, na nimeivaa mara chache kuliko vidole vyangu, kwa sababu jua likiwaka huwa inanigeuza wali kwenye sufuria. Safari zako nyingi ni kilomita 20 za asubuhi na jioni. AA utakayoivaa siku zote tano ina kazi zaidi kwako. Mradi wa MotoCAP wa Australia na New Zealand, ulioanza mwaka 2018, umelielewa jambo hili: hununua nguo za pikipiki madukani kama mteja yeyote, huzipima, na kutoa nyota za aina mbili, moja za kinga na nyingine za jinsi nguo inavyopitisha hewa na jasho. Matokeo yako wazi kwa kila mtu. Kabla ya kulipa, tafuta kama modeli yako imo. Kuna jinzi humo zenye majina makubwa ambazo nyota zake zitakushangaza.

Nisikuuzie ndoto pia. Mwaka 2011 mtafiti Liz de Rome na wenzake walichapisha utafiti wa waendesha pikipiki 212 waliopata ajali Australia. Waliovaa suruali za pikipiki walikuwa na uwezekano wa kulazwa hospitali karibu nusu ya wasiozivaa. Katika utafiti huo huo, asilimia 28.1 ya suruali hizo zilifeli kwenye ajali. Hiyo ndiyo sababu ya kelele zangu zote kuhusu lebo na mishono: kuwa "ya pikipiki" peke yake hakutoshi. Na hata suruali isiyofeli inakukinga na lami, michubuko na majeraha ya msuguano. Haizuii mfupa kuvunjika mguu ukibanwa kati ya pikipiki na gari, wala haikingi kifundo cha mguu. Hicho ni kazi ya buti, na katika orodha yako ya kofia, jaketi na glavu sikusikia buti.

Kufua: toa pedi, igeuze ndani nje, maji ya baridi au vuguvugu, nyuzijoto 30, sabuni kidogo. Jiki marufuku, inaharibu aramidi. Anika kivulini, kwani jua nalo linaila aramidi polepole. Ukianguka nayo ikaburuzika, hata kama tundu halionekani, imemaliza kazi yake.

Sasa fundi. Wazo lako si la kipuuzi, wengi wamelijaribu. Ila kitambaa cha aramidi kikishonewa ndani ya jinzi ya kawaida kinashikiliwa na pamba ile ile itakayotoboka mwanzoni, kwa uzi ule ule wa cherehani utakaokatika kabla hata ya pamba. Mishono mikubwa ya jinzi inabaki ile ya zamani. Baada ya mita chache kiraka chako kinaweza kuwa kizima kabisa, kikiwa barabarani nyuma yako. Kazi niliyo tayari kumpa fundi ni pindo la chini tu, na asiguse mshono wa pembeni. Lakini asikupime ukiwa umesimama: vaa viatu vyako vya safari, panda pikipiki, weka miguu mahali pake, kisha ndipo apige chaki.